Zabibu Haikuulizwa

Katika mji ule Ijumaa Kuu haikungoja Kwaresima. Ilikuja ilipotaka. Mtu angelala Jumanne na mipango yake ya kupalilia au ya kwenda kumwona mgonjwa, akaamka akasikia mbao zikigongwa badala ya kengele, akajua kwamba leo tena ni Ijumaa ile, leo tena kuna mtu wa kufa. Watu walikwisha kuzoea. Walivaa nguo nyeusi, wakalia kwa kiasi kilichotakiwa, wakarudi nyumbani kula maharage. Kule siku hazikufuatana kama shanga katika uzi. Ziliangukiana kama zabibu ndani ya pipa, ya juu ikaiponda ya chini, maji yake yakachanganyika hata usijue lipi ni tone la jana na lipi ni la zama za bibi yako.

Ambaye hakuzoea ni Leokadia. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye nyayo pana zilizoingia wekundu usiotoka kwa sabuni wala kwa jiwe, maana yeye ndiye aliyekanyaga zabibu za kanisa. Mama yake alizikanyaga, na mama wa mama yake. Divai yote iliyopata kuinuliwa altareni katika mji ule ilipita kwanza chini ya miguu ya wanawake wa ukoo huo, na jambo hilo halikutajwa kanisani hata siku moja. Lililotajwa ni kwamba yeye ni mama wa Damasi.

Damasi alikuwa mwanawe, wa pekee. Mwaka wa kiu, Mkuu ambaye hakuna aliyepata kuuona uso wake, ila askari wake na parapanda yake tu, aliifunga chemchemi ya mji kwa lango la chuma na kufuli. Damasi akaivunja kufuli ile mchana kweupe. Watu wakachota wakanywa, wakachota wakajaza mitungi, kisha kila mtu akaenda zake, naye akabaki ameshika nyundo. Akakimbilia kanisani. Askari walipofika mlangoni walisema wasipompata watachoma nyumba hadi nyumba. Wazee wa kanisa wakashauriana, wakasema afadhali mmoja kuliko wote, wakaondoa komeo. Damasi akapigwa risasi kwenye ngazi, mbele ya watu ambao maji yake yalikuwa bado hayajawakauka midomoni. Mkuu akaridhika, chemchemi ikaachwa wazi. Basi ikawa kweli kwamba mji uliishi kwa kifo chake, na ukweli huo ndio uliomtafuna mama yake kuliko uongo wowote, kwa sababu uongo una mlango wa kutokea. Ukweli kama ule hauna.

Wakamfanya shahidi. Wakamwekea sikukuu, na sikukuu hiyo nayo, kama Ijumaa Kuu, ilikuja ilipotaka. Kuna siku Leokadia aliamka akiwa amefiwa jana. Kuna siku aliamka kifo kikiwa kimepita zamani sana, vitukuu wa wale wazee wakiimba jina la mwanawe kama wanavyoimba majina ya mito. Na kuna siku, hizo ndizo zilizokuwa mbaya zaidi, aliamka Damasi akiwa hajazaliwa, tumbo likiwa zito, mtoto akicheza ndani, na yeye akijua yote.

Asubuhi tunayoisimulia ilikuwa ya mavuno. Leokadia alikuwa ndani ya birika la mawe nyuma ya kanisa, sketi ameifunga magotini, anakanyaga. Pamoja naye alikuwa Tekla. Tekla huyu alikuwa mama wa Gaspari, na Gaspari alikuwa mmoja wa askari waliosimama kwenye ngazi siku ile na bunduki zao. Tangu hapo hakuna aliyemsalimu Tekla. Dukani walimpa chumvi wakitazama pembeni. Leokadia ndiye aliyemwita aje kukanyaga, wala hakumwita kwa huruma. Alimwita kwa sababu katika mji mzima ni Tekla tu aliyekuwa hamtazami kama mtu anavyotazama mshumaa.

"Mama Damasi, taratibu," Tekla alisema. "Leo unakanyaga kama unaua nyoka."

"Zinapasuka zenyewe."

"Hakuna kinachopasuka chenyewe, mwenzangu."

Leokadia akatazama chini. Povu la zambarau lilikuwa limempanda hadi kwenye mashavu ya miguu. Aliokota zabibu moja iliyonusurika, akaishika kati ya vidole viwili, nzima, ya mviringo, yenye vumbi jeupe ambalo Mungu huyapaka matunda yale ili yaonekane hayajaguswa. Akawaza. Kanisani husema divai inakuwa damu. Watu wa kulia husema inakuwa kweli, wa kushoto husema inakumbusha tu, na wamegombana juu ya hilo mpaka wengine wakaacha kuoleana. Lakini hakuna anayeuliza ilikuwa nini kabla. Kabla ya damu ilikuwa divai, kabla ya divai ilikuwa maji yaliyochachuka gizani, kabla ya hapo ilikuwa kitu hiki, kilichokaa juani juu ya mzabibu kikijaa utamu wake chenyewe bila kumdai mtu. Zabibu haikuulizwa. Haikuambiwa: tunataka kukuponda ili wengine waokoke, waonaje? Walikuja tu na kikapu. Na baadaye, ikishakuwa kikombeni, huinuliwa juu kwa mikono miwili na kusifiwa kwa kukubali kwake.

Akaitupa chini ya unyayo, akaikanyaga.

Padri Anselmi na Mwalimu Yeremia walikuja pamoja, jambo ambalo halikuwa la kawaida, maana hao walikuwa vichwa vya pande mbili za kanisa moja. Upande wa kulia wa ukumbi ulikuwa wa Padri, upande wa kushoto wa Mwalimu, na katikati palikuwa na njia ambayo hata watoto hawakuivuka wakicheza. Chanzo cha ugomvi kilikuwa shubaka lililo ukutani karibu na altare. Zamani ndani yake palikuwa na sanamu ya Bikira Maria. Watu wa kulia waliipigia magoti, wakaishika miguu, wakaieleza mambo ya ndoa zao. Watu wa kushoto walisema anayestahili magoti ni mmoja, na huyo si mama. Wale wakiiweka, hawa wakiishusha. Katika kupandishwa na kushushwa ikaanguka ikavunjika, kila upande ukaokota kipande na kusema wenzao ndio waliovunja. Tangu hapo shubaka lilikuwa tupu. Hawakuachana kwa sababu jengo lilikuwa moja, na divai ilikuwa moja.

"Tumsifu Yesu Kristu, Mama," Padri Anselmi alisema. Alikuwa mzee mnene mwenye macho ya mtoto aliyelia. Mama yake mwenyewe alifia mbali bila yeye kufika kumzika, na mwanamke yeyote mwenye kitambaa kichwani alimtia uchungu ule upya.

"Milele, amina, Baba Padri. Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Mama." Mwalimu Yeremia alikuwa mwembamba, msafi, mtu asiyedanganya. Alikuwa ameona, katika ujana wake, watu wakiipelekea sanamu uji huku mtoto wa jirani akifa njaa, na hakupata kulisahau. "Tumekuja na neno moja, sote wawili. Usistaajabu."

Tekla alitaka kutoka birikani. Leokadia akamshika kiwiko, akamzuia.

Padri akaeleza. Sikukuu ya Damasi ilikuwa imekaribia. Ilikuwa kesho, au ilikuwa tayari inaanza, hakuna aliyejua vizuri. Pande zote mbili zilikuwa zimechoka. Wamepatana juu ya jambo moja. Siku ya sikukuu Leokadia atavaa vazi la buluu, atapandishwa kwenye shubaka, asimame humo muda wote wa ibada.

"Mimi? Mtu hai?"

"Wewe, Mama. Mwanao alifuata njia ya Bwana. Nani mwingine anaweza kusimama pale aliposimama Mama wa Bwana?"

"Hatapigiwa magoti," Mwalimu akasema haraka. "Hilo ndilo sharti letu. Atatazamwa tu."

"Na hatasema," Padri akaongeza, kwa sauti ya chini. "Hilo ni la pande zote."

Leokadia akaendelea kukanyaga, polepole. Machicha yalimtoka kati ya vidole. "Nami nitapata kikombe?"

"Kikombe?"

"Siku zote nasimama nyuma, karibu na mlango, kwa sababu ya miguu hii inayochafua sakafu. Divai naikanyaga mimi, naichuja mimi, naifunika mimi. Sijapata kuinywa pale mbele. Nikiwa juu ya shubaka nitakuwa karibu na altare. Mtanipa?"

Wale wawili wakatazamana, na kwa mara ya kwanza tangu sanamu ivunjike walielewana bila maneno.

"Mama mtakatifu hahitaji kikombe," Padri alisema kwa upole wa kweli. "Damu iliyomo imetoka kwako tayari. Maji yataurudiaje mto?"

"Nasi kwetu," Mwalimu akasema, "ukinywa mbele ya watu siku ile, juu ya shubaka, wadhaifu watadhani kikombe ni chako. Mama ni chombo, ndugu yangu. Chombo cha heshima, lakini chombo. Kwenye arusi ya Kana yule mama alisema hawana divai, akawaambia watumishi lolote atakalowaambia fanyeni. Baada ya hapo soma Injili ile yote mpaka mwisho. Hasemi tena. Alijua kunyamaza."

Leokadia akasimama. Povu likatulia likimzunguka.

"Hakunyamaza, Mwalimu," alisema. "Ni ninyi ambao hamkumwuliza tena."

Upepo ulipita juu ya mizabibu. Padri Anselmi akasafisha koo. Wakalichukua jibu lake kuwa ni kukubali, wakaenda zao wakitembea bega kwa bega.

"Usiende," Tekla alisema walipokwisha kupinda kona. "Watakuchoma kwa macho mpaka ubaki mti."

"Nataka kuwaona. Miaka yote nawaona visogo. Nataka nisimame juu niwatazame nyuso wakinywa."

"Ukishawaona?"

"Sijui."

Tekla akacheka kicheko kisicho na furaha. "Wewe wamekupa shubaka, mimi wamenipa migongo. Sote wawili tulizaa siku zilezile, mvua ileile, mkunga yuleyule. Wako akafa akawa mtakatifu. Wangu akaishi, akawa nini? Niambie, Mama Damasi. Mama wa aliyeua anasimama wapi humo kanisani? Hata shubaka tupu hana."

Leokadia alimtazama. Kulikuwa na siku alizomchukia mwanamke huyu, akamtakia Gaspari wake afe kwa tumbo. Zilikuwepo pia siku ambazo, kwa sababu ya ile tabia ya wakati kule, aliamka akiwa yeye ndiye Tekla, akijua uzito wa kumpikia mtu asiyerudi nyumbani kwa aibu.

"Kanyaga," alisema. "Hizi zikichacha zikiwa nzima zitakuwa siki."

Sikukuu ilikuja. Walimvika buluu, wakamwosha miguu kwa ndimu na haikutakata, wakamvisha soksi nyeupe. Wakampandisha kwa ngazi. Shubaka lilikuwa jembamba, lililochongwa kwa kipimo cha sanamu. Ilimbidi abane mabega. Kwaya ikaanza. Moshi wa ubani ukapanda, na Leokadia, ambaye hakuwa ameiona ibada ila kutoka nyuma, aliiona sasa kutoka mbele, kama mtu anayeona nguo kwa ndani, pale zinapoonekana nyuzi na mafundo.

Akaziona nyuso. Hazikuwa za wabaya. Hilo lilimwumiza. Alitarajia kuona kitu fulani machoni mwao, doa, kivuli, hofu ya kukumbuka. Aliona watu waliolala vizuri. Aliona wanawake wakimtazama yeye na kuuma midomo kwa matumaini, kila mmoja akimletea mzigo wake: homa ya mtoto, mume mlevi, kizazi kilichofunga. Magoti yao yalikuwa yametulia kwa ajili ya sharti, lakini macho yalikuwa yamekwisha kupiga magoti. Upande wa kushoto waliangalia sakafu, wakijilinda naye kama mtu anavyojilinda na jua. Hawa wananiogopa, akawaza, wale wananitaka, na hakuna anayeniona. Aliyesimama hapa ni nani basi? Kama ningeshuka nikaliacha vazi hili limesimama lenyewe, wangegundua?

Ndipo wakati ukateleza.

Nina miaka kumi na mitano, nasuka mkeka, kuna mgeni mlangoni. Usiogope, anasema. Siogopi. Ananiuliza. Naona ananiuliza kweli, anangoja jibu, anatoka jasho kama mtu ambaye jibu langu linaweza kumrudisha alikotoka mikono mitupu. Nasema sawa. Sawa tu, kama mtu anavyosema sawa kwa kuazima ungo. Damasi analia, maziwa yananiuma. Damasi ana jino. Damasi ameanguka kwenye mzabibu, ana kovu kwenye nyusi. Mama, mbona mji mzima una kiu na sisi tunanyamaza? Nyamaza, mwanangu. Nyamaza nikuonyeshe jinsi ya kunyamaza. Mlango. Komeo. Shati lake mkononi mwangu. Mgeni, uko wapi? Uliniuliza la kubeba, mbona hukuja kuniuliza hili la pili? Mgeni, mlango uko wazi, nimesimama ngazini, nasikia nyayo, si zako.

Aliporudi, Padri Anselmi alikuwa kwenye mahubiri. Sauti yake ilitetemeka kwa upendo.

"...naye Mama huyu, ndugu zangu, kama Maria chini ya msalaba, hakulalamika. Alimtoa mwanawe. Alimtoa kwa ajili yetu. Na kijana alipokuwa anakata roho alisema, nawasamehe wote."

"Amina," walisema wa kulia.

"Amina," wakasema wa kushoto pia, maana katika hilo hawakutofautiana.

"Sikumtoa," Leokadia alisema.

Sauti yake haikuwa kubwa. Shubaka liliikuza, kwa kuwa lilijengwa kwa namna hiyo bila mtu kujua.

Padri akageuka. "Mama, tafadhali."

"Nasema sikumtoa. Kutoa ni kufungua mkono. Mkono wangu ulikuwa umefungwa hivi, umeshika shati lake, mkanibandua kidole kimoja baada ya kingine. Baba Padri, wewe ulishika hiki. Mwalimu, wewe ulishika hiki na hiki. Mlikuwa mnalia, sikatai. Mlinibandua mkilia."

Mwalimu Yeremia alikuwa amesimama. Uso wake ulikuwa umekuwa wa kijivu. Yeye, mtu asiyedanganya, alifungua mdomo, akaufunga.

"Mnasema Maria alikubali," Leokadia akaendelea. "Ndiyo. Mgeni alikuja akamwuliza habari ya kubeba, naye akakubali kubeba. Mimi nauliza mgeni wa pili. Yuko wapi aliyekuja kumwuliza kama anakubali kupoteza? Hakuja. Mlikuja ninyi. Nusu yenu mkasema ni malkia, nusu mkasema ni chombo, na malkia hasemeshwi, na chombo hakisemeshwi. Amekaa kati yenu karne ngapi, ana neno moja kooni, na ninyi mnagombania magoti!"

Akashuka. Hakungoja ngazi, alikaa kwenye ukingo wa shubaka akaruka, vazi likashika kwenye msumari likachanika ubavuni. Akatembea hadi altareni na soksi zake nyeupe. Kikombe kilikuwa kimekwisha kuinuliwa na kushushwa, maana katika sikukuu ile mahubiri yalikuja baada ya kikombe. Hakuna aliyemzuia. Labda waliogopa, labda, kwa mazoea ya sanamu, walingoja muujiza.

Alikishika kikombe kwa mikono miwili, akanywa.

Alikuwa amewaza mara nyingi itakuwaje. Alidhani atamwonja Damasi. Alidhani koo litafunguka, au litaungua, au atasikia jina lake likiitwa. Ilikuwa divai changa, yenye ukakasi wa maganda, iliyotolewa pipani mapema kwa haraka ya sikukuu. Aliitambua. Hakuonja damu. Alionja nyayo zake mwenyewe, na za Tekla, na vumbi la uwanda, na mvua chache za mwaka ule. Akainywa yote hadi mashapo, akakirudisha kikombe mahali pake, akatoka kwa kupita katikati, katika ile njia isiyovukwa.

 Kisha mtu mmoja wa kulia akasema kwa sauti ya kicho, "Mmeona? Ametujaribu. Watakatifu ndivyo wanavyotujaribu." Na mmoja wa kushoto akajibu, "Mmeona? Ni mwanamke tu kama wengine. Tuliwaambia." Wakaanza. Walibishana mpaka ubani ukaisha: kama kunywa kwake kulikuwa sakramenti au kufuru, kama vazi lililochanika lihifadhiwe au litupwe, kama maneno "mgeni wa pili" yalikuwa unabii au homa. Yale ya vidole hayakuzungumzwa na upande wowote. Kabla ya adhuhuri walikuwa wamepatana tena: aitwe mchongaji, achonge sanamu ya mninga kwa sura ya Leokadia, iwekwe shubakani badala yake, na kwa hilo hata wa kushoto hawakupinga, kwa kuwa mti hausemi. Mchongaji alipouliza midomo aifanyeje, Padri na Mwalimu walijibu kwa pamoja kwamba aifunge vizuri.

Leokadia alikuwa nyumbani kwake, ameketi kwenye kigoda, ametupa soksi. Jua lilikuwa bado kali uani. Hakulia. Alijisikia kama pipa lililokwisha kuoshwa. Aliwaza: basi ndiyo hiyo. Nimesema, wamesikia, na dunia haikupasuka hata kwa upana wa ukucha. Maneno yangu nayo watayakanyaga, watayachuja, watayafanya kitu cha kuinua juu. Pengine hata Bwana wao hakuogopa msalaba kama alivyoogopa hili la baadaye, la kusifiwa na watu waliomfungulia askari mlango.

Tekla aliingia uani bila kubisha hodi. Nyuma yake alikuwa mwanamume mrefu, ndevu chafu, miguu peku, koti la kijeshi lisilo na vifungo. Leokadia hakumtambua, halafu akamtambua.

"Nimemkuta nje ya ukuta wa kanisa," Tekla alisema. "Alikuwa anasikiliza dirishani. Anasema ana neno. Nimemwambia asilete kwangu, alete kwa mwenyewe." Sauti ilimkatika. "Ukitaka nimtoe, nitamtoa."

Leokadia akaingia ndani, akasimama kizingitini, nyumba yake ikawa nyuma yake. "Aseme hapohapo alipo."

Gaspari alizungumza akitazama chini. "Padri amesema Damasi alisema nawasamehe."

"Nimesikia."

"Hakusema hivyo, Mama."

"Wewe ulikuwa karibu?"

"Nilikuwa karibu kuliko wote. Mimi ndiye..." Akashindwa. Tekla alifunika uso kwa upande wa khanga. "Aliniona akanijua. Tulicheza wote, wajua. Hakunilaani, wala hakusema habari ya kusamehe. Alisema, Gaspa, mwambie mama asiningoje, ale."



"Rudia," Leokadia alisema.

"Mwambie mama asiningoje. Ale."

"Akasema nini tena?"

"Basi. Ndilo hilo tu."

Leokadia alishika mwimo wa mlango. Siku ile alikuwa amemchemshia mlenda na kumsongea ugali wa uwele, akaufunika, akaenda kumfuata kanisani ili aje ale kabla haujapoa. Ndilo lilikuwa wazo la mwisho la mwanawe. Si mji, si chemchemi, si Mungu. Chakula kilichofunikwa. Na neno hilo, ambalo lilikuwa lake, lililotumwa kwake kwa jina, lilikuwa limekaa kifuani mwa mtu huyu miaka yote hii, huku kanisani wakimtungia mwanawe maneno mazuri zaidi.

"Umekaa na neno langu," alisema. "Mtu ananiambia nile, na wewe ukanificha. Umeniua kwa njaa, Gaspari. Kuliko risasi yako, hilo ndilo uliloniua nalo."

"Niliogopa, Mama."

"Wote mliogopa. Mji mzima ni wa waoga, na mimi ndiye mnayeniimbia." 

Akageuka, akaenda jikoni. Walisikia maji yakimiminwa, mwiko ukigonga chungu kwa muda, moshi ukatoka chini ya paa. Tekla alikaa chini palepale vumbini, miguu yake myekundu ameinyosha mbele. Leokadia akarudi na sahani, akaketi kizingitini, akanawa mikono. Akamega tonge, akalifinyanga, akalichovya.  Akameza kwa nguvu, kama mtu anayetii. Akamega jingine. Akamsogezea Tekla sahani, na Tekla, baada ya kusitasita, akanawa akamega.

Wakala mpaka jua likahamia upande wa pili wa ua. Gaspari alibaki amesimama pale aliposimama, mikono inaning'inia, naye Leokadia hakumwambia karibu, wala hakumwambia nenda.